Barasa, Treni Yako Ilifika Yala

Barasa ndugu yangu,

Barua kwa desturi huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, na yangu utaijua ukisoma, kwa hiyo tusipotezeane wakati. Umenichosha. Ulipokuwa hai ulinichosha kwa kunishinda kubeba, kunishinda kula na kunishinda kuimba. Nikasema haya, sasa amelala, na mimi nitapumua. Wapi! Udongo wa kaburi lako haujakauka, ukaniletea daktari.

Ndiyo, wewe. Usijifanye husikii. Kama ungekufa kitandani kama watu wenye adabu, tungekulia, tungekuzika, na kila mtu angerudi kwenye magunia yake. Lakini wewe mtu wa makuu ulichagua kuanguka juu ya ubao wa kupandia behewa, gunia la mahindi mgongoni, mchana kweupe, mbele ya Bwana Mkubwa mwenyewe na kiko chake mdomoni. Kiko kilianguka, nilikiona. Tulikuinua, tukakuita, tukakumwagia maji. Mimi nikakupiga makofi ya shavuni ambayo mtu mzima akipigwa hivyo lazima aamke agombane. Hukuamka. Hukugombana. Hapo ndipo nilipojua.

Bwana Mkubwa akauliza, "Huyu si ndiye mwenye nguvu kuliko wote?" Tukasema ndiye. Akauliza tena, kana kwamba tulimuuzia kitu kibovu. Tuliporudi kutoka mazishini, Karani Elija akatusomea amri mlangoni pa ghala kwa ile sauti yake ya puani: kila mtu wa magunia atapimwa na daktari, moyo, damu, mapafu na miguu. Atakayeonekana hafai atapewa barua yake arudi kwao. Akakunja karatasi akanitazama mimi. Mbona mimi? Kwa sababu ukimtoa nyapara, mimi ndiye mkubwa wa umri kundini. Na kwa sababu tangu nimwambie kwamba Kiingereza chake ni cha kupimiwa kwa kibaba, hajanipenda.

Barasa, nikirudi kwetu nitafanya nini? Shamba la baba tumeligawana sisi ndugu mpaka jogoo wangu akiwika, miguu iko kwangu na mdomo uko kwa kaka. Chumba cha landhi, hizi nyumba za wafanyakazi, ni cha kazi. Kazi ikienda, mlango nao unaenda. Mke wangu Truphena ana sufuria yake ya uji pale getini, watoto wetu wako skuli, na siku hizi za kudaiwa pasi na misako ya askari, mtu asiye na kazi hapa Nakuru huulizwa maswali mpaka anasahau jina la mama yake. Kwa hiyo hili halikuwa jambo la mchezo. Nitacheka kidogo nikikusimulia, lakini ni kwa sababu nisipocheka nitavunja kitu.

Kwanza niliwaambia vijana wasiogope. Nikawaambia, mimi Makokha, mnayeniita Bama, hilo jina sikuliokota sokoni. Bama nilifika vitani. Seiloni nilikanyaga. Nimekunywa chai na watu ambao chai yenyewe inatoka kwao. Na madaktari wa Mfalme walinipima kabla sijapanda meli, nikawaonyesha jinsi ilivyokuwa: mmoja alinigonga kifuani kama mtu anayenunua chungu, akatazama meno, akaniambia nikohoe, akasema, "Pita." Huko ndiko kupimwa. Kugongwa, kukohoa, kupita. Vijana wakafurahi. Wanjala, lile jitu la shingo fupi, akasema, "Basi kama ni kukohoa, Bama, mimi nitakohoa mpaka mlima Menengai uitikie."

Halafu nikaona mizani.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu kosa ni lako. Karani Elija alikuwa ameweka kando mizani ile ile ya magunia, ile kubwa ya chuma, ndiyo tupimiwe. Na sisi sote tunajua sheria ya mizani ile. Gunia pungufu hurudishwa. Hatujawahi kuona gunia zito likarudishwa, hata siku moja. Nikajiambia, ahaa. Na palepale sauti yako ikanijia sikioni kama nzi.

Unakumbuka tulipokuwa wachunga ng'ombe wa yule mzungu wa Rongai, kabla ya kazi ya ghala? Unakumbuka siku ya kuwapeleka mnadani? Ulinipa kopo la chumvi ya mawe, ukaniambia niwalambishe wote tangu asubuhi, na tusiwaache wakaribie maji mpaka tufike karibu na mnada. Ng'ombe wale walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Mshale wa mizani ulikimbia kama umeona nyoka. Mzungu akatupa mkono, akasema hajawahi kuona ng'ombe wake wakiwa wazito hivyo. Nawe ukanikonyeza, ukasema, "Makokha, mnyama hapimwi mkavu. Mizani haina macho."

Mizani haina macho! Maneno matamu hayo. Niliyatunza miaka yote hii kama Mkristo anavyotunza mstari wa Biblia. Basi siku ya kupimwa, asubuhi, niliwakusanya vijana nyuma ya ghala, nikawapa chumvi, nikaeleza elimu yako yote, na jina lako nikalitaja ili upate heshima. Wakalamba. Mzee Kibet, nyapara wetu, ambaye hukataa kila kitu ninachosema hata nikisema leo ni Jumatatu, akasema kwao Kipsigis jambo hilo linajulikana tangu zamani, akalamba kuliko wote. Kisha tukaenda kwenye bomba. Barasa, tulikunywa! Nilisikia maji yakifika kwenye magoti.

Daktari alikuwa Mhindi kijana, mwembamba kama ufito, miwani imemkalia puani, mkoba mkononi. Alikuja na dresa mmoja wa kumsaidia na kasha moja la mbao, nikalidharau, nikidhani ni la dawa. Kumbe ndilo lililokuwa adui. Kwenye mizani tulimpendeza sana. Kila aliyepanda, yeye huinua nyusi. Tukatazamana: mambo yanakwenda. Kisha akatufunga mkononi ule mpira unaojazwa upepo wa kupima damu. Nyusi zikashuka. Akapima mmoja, akagonga kile kisaa chake kwa ukucha. Akapima wa pili, akakigonga tena. Akafungua mpira, akajifunga mwenyewe mkononi, akajipima, akaona yeye yuko sawa. Akatutazama sote tuliosimama mstari, tumbo mbele, kama wake wa chifu mmoja.

Halafu kasha. Unapanda kwa mguu huu na huu, unashuka kwa huu na huu, unapanda tena, unashuka tena, bila kusimama, na kando kuna kidude cha kugonga, tik, tik, tik, kama kile cha wazungu wanaojifunza piano, nawe ukifuate. Hakuna kukohoa. Hakuna kupita. Wanjala akatangulia kwa sifa. Alipopanda na kushuka, tumbo lake likalia kama pipa la maji juu ya lori barabara ya Njoro. Tulijitahidi tusicheke. Dresa alicheka. Wanjala akaongeza mwendo kumkomoa dresa, na hapo yale maji yote, na chumvi, na mahindi ya jana, yakatoka mara moja na kutua juu ya viatu vya daktari.

Kisha daktari, kwa Kiswahili safi kabisa, akauliza, "Nani amewalisha chumvi?"

Ndugu yangu, dunia haina watu. Wote wakaninyooshea kidole. Wote! Wanjala mwenyewe, bado ameinama, akanyoosha. Mzee Kibet akanyoosha viwili.

Daktari akaja mpaka karibu yangu, akasema polepole, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu mtu akinipigia kelele najua namna ya kumjibu. Akasema, "Mzee, ng'ombe anapimwa ili auzwe. Wewe ninakupima nijue kama kesho utaamka." Nikainama nikatazama viatu vyake. Mimi! Akasema tutapimwa upya wiki ijayo, na tule chakula cha kila siku. Akaongeza kwamba yeye na mimi tutaanza upya vizuri, lakini nikimletea damu ya namna ile tena, jina langu litakwenda kwenye orodha ya kurudi makwao. Karani Elija alikuwa amesimama mlangoni. Alitabasamu puani.

Nyumbani sikupata huruma. Truphena alicheka mpaka akamwaga uji. Akasema, "Mwanamume aliyewafukuza Wajapani amefukuzwa na kasha la sabuni." Wiki nzima akanipikia bila chumvi, mboga za majani ambazo sungura angezirudisha jikoni, na kila nikilalamika ananiambia, "Kula, Bama. Usirudi kunikalia kitandani hapa kama gunia pungufu." Lakini jioni nilimkuta anahesabu nguo za watoto na kuzifunga, zile za kuvaa na zile za kusafiria, mbalimbali. Aliponiona akaacha. Niliona tu kwamba mke wangu amekwisha kuanza kuhama kimoyomoyo.

Na kazini pia ulituachia shida. Tangu uende hakuna wimbo. Tulijaribu. Mmoja alianza wa kanisani, tukabeba kama tuko mazishini. Mzee Kibet akajaribu wa kwao wa vijana waliotoka jandoni, mzuri, lakini hakuna aliyejua kuitikia. Basi tukabeba kimya, tukagongana ubaoni kama punda, na mabehewa yakachelewa. Karani Elija, aliyekuwa akilalamika zamani kwamba treni yako ya mdomo inachelewesha treni yake ya chuma, sasa akawa anachungulia nje, anatamani kelele.

Treni yako. Tulikuwa tukiipenda. Gunia likiwa mgongoni ulituimbia haraka, "Gunia hili!" "Twende nalo!" "Mwenyewe nani?" "Twende nalo!" na miguu inafuata. Tukisharudi mikono mitupu kwenye rundo, kabla ya kuinama tena, ulisimama ukataja stesheni za kwenda kwetu. "Njoro!" nasi, "Pita!" Ndipo tunainama. Mwanzoni ilikuwa Njoro basi. Kisha ukaongeza Elburgon. Mvua zilipoanza tukawa tunafika Turi, tukafika Molo. Tukasema, Barasa amekuwa msomi, anatufundisha ramani. Mau Summit. Londiani. Lumbwa. Siku ulipotuvusha Muhoroni tulishangilia kama tumefika kweli, maana kule unakanyaga joto. Ulikuwa unainama kidogo, mkono mmoja gotini, kama fundi anayesikiliza reli. Kisha Kisumu, kisha Maseno, Luanda. Na siku ile ya mwisho ulifika Yala, imebaki stesheni moja tu kwenu Butere, ukasimama pale Yala kidogo, ukainua gunia, ukapanda ubao.

Tulikupeleka Butere kwa lori la kukodi. Mtu wa treni kama wewe, tukakupeleka kwa lori. Hilo nalo linanikera.

Sasa siku ya pili ya kupimwa. Niliamka mkavu kama fimbo. Vijana wakapimwa mbele yangu, mmoja mmoja, damu zimetulia, kasha linapandwa na kushukwa, daktari anasikiliza kwa mipira yake ya masikioni, anaandika. Mimi nikaachwa wa mwisho. Nikavua shati, nikamwambia daktari jeshini tulikuwa tukipanda vilima vya matope na bunduki mgongoni, hili kasha ni kama kizingiti cha nyumba. Akasema, "Vizuri, mzee. Panda."

Sikuweza kufuata kile kidude. Naapa. Tik yake inakuja kabla ya mguu wangu au baada ya mguu wangu, haiji na mguu. Nikajaribu lefti-raiti ya jeshi, nikajikanyaga. Dresa akaanza kutikisika tena. Daktari akasema, "Fuata mlio, mzee, ukikosa siwezi kuhesabu moyo wako." Jasho likanitoka, na si la kazi, la aibu. Niliona nguo za watoto zimefungwa. Niliona jogoo wangu, mdomo uko kwa kaka.

Basi nikafanya nilichojua. Nikaimba wimbo wako. Kidogo kidogo, chini ya pumzi. "Gunia hili." Na mlangoni, vijana waliokuwa wamejazana kutazama nikishindwa, mmoja akajibu, "Twende nalo." Wakajibu wote. Miguu, Barasa! Miguu ikaijua kazi yake. Nilipanda na kushuka kama mashine ya Ulaya. Kile kidude kikawa kinanifuata mimi. Dresa akaacha kucheka. Nilitaka kumwambia Karani Elija ajaribu yeye, lakini pumzi nilikuwa naitunza.

Kisha nikafika kwenye stesheni. Sikufikiri, mdomo ulikwenda wenyewe. Nikaita, "Njoro!" na miguu ikasimama juu ya kasha.

"Usisimame!" daktari akasema. "Endelea kupanda!"

Nikaendelea. Lakini mwili ulikuwa umezoea kupumzika hapo, nao ukagoma. Kifua kikaanza kuwaka. Nikaita Elburgon, wakajibu. Nikaita Turi. Molo. Na hapo Molo nikasikia kitu ambacho sitakisahau: kifua changu kilikuwa kinaniomba stesheni nyingine. Kilitaka Londiani. Kilitaka treni iendelee, kisiambiwe kuinama, kisiambiwe gunia, kipewe stesheni moja tu zaidi kivute hewa.

Barasa, wewe mwongo.

Haikuwa ramani. Ulikuwa unapumua. Ulisimama pale mbele yetu sote, mkono gotini, ukituimbisha mpaka moyo wako ukurudie. Na moyo ulipozidi kuchelewa, ukazidi kutaja stesheni. Tulishangilia Muhoroni! Tulishangilia, nawe ulikuwa unazama. Mtu mmoja tu ungemwambia. Mimi nililala chumba kimoja nawe Rongai, blanketi moja, nikala ugali wa mkono wako, na hukuniambia. Ulijua nini? Ulidhani nitacheka? Ningecheka, ndiyo. Kisha ningekubeba mgongoni mpaka hospitali, hata kama ingebidi nikuibe.

Nilimaliza kile kipimo. Sijui namna gani. Daktari akanikalisha juu ya magunia, akaniwekea mipira kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Akasema, "Mzee, moyo wako ni mzuri. Ni wa kijana. Sasa mbona unalia?"

Nikamweleza. Sikutaka, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kupanda. Nikamwambia habari za wimbo na stesheni, na namna zilivyoongezeka. Kumbe yeye ni mzaliwa wa Kisumu, baba yake anauza nguo kule, reli ile anaijua kama sala. Akasikiliza bila kuandika. Mwisho akauliza, "Siku ya mwisho alifika wapi?"

Nikasema, "Yala, daktari."

Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Akasema, "Angenijia akiwa Molo. Akiwa Molo ningeweza kumsaidia. Hata Londiani." Kisha akavaa miwani tena, akaweka mipira yake mkobani, akaandika kwamba mimi nafaa.

Basi nimepita, hiyo ndiyo habari yangu. Nilimkuta Truphena, nikamwambia, akaenda kuzifungua nguo za watoto huku ananitukana kwa furaha. Alisema, "Kasha la sabuni limekuonea huruma." Niliwaambia watu wote wa landhi kwamba daktari alisema moyo wangu ni wa kijana. Nimelisema hilo hata kwa wasiouliza.

Lakini Wanjala hakupita. Daktari alisikia kifuani mwake mlio kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Lile jitu! Karani Elija akaandaa barua yake ya kurudi kwao. Barasa, nikapandwa na hasira. Nikaenda kwa Bwana Mkubwa bila kuitwa, kofia mkononi, Karani ananivuta shati. Nikamwambia, "Bwana, gunia likitoboka hatulitupi, tunalishona. Mpe huyu sindano." Nadhani alifikiria kunifukuza. Kisha akatazama ule ubao uliouangukia, akakiuma kiko chake, akasema haya. Sasa Wanjala ameketi kivulini anashona midomo ya magunia kwa uzi wa katani, na kila nikipita ananitolea ulimi. "Bama, umenifanya fundi cherehani." Namwambia, "Shona. Ufe mzee, uniudhi vizuri."

Na jambo la mwisho. Mzee Kibet alinisukuma mbele, akasema, "Imba wewe. Sauti yako ni ya chura, lakini stesheni unazijua." Nikakubali. Siku ya kwanza nilipanga niishie Njoro kama zamani. Tuliporudi kwenye rundo nikaita Njoro, wakasema pita. Basi. Lakini sikuweza kuinama. Nikaita Elburgon. Nikaita Turi, Molo, Mau Summit. Vijana wakanitazama, wengine wakaogopa kwamba nami kifua kimekwisha. Nikawaambia kwa mkono, niko mzima, nifuateni. Londiani. Lumbwa. Fort Ternan, Koru, Muhoroni, na mara hii hakuna aliyeshangilia. Karani Elija akatoka na saa yake, akafungua mdomo, akaufunga. Kibigori. Miwani. Kisumu. Maseno, Luanda. Wanjala akaacha sindano. Nikaita Yala, wakasema pita, kwa sauti ya chini.

Nikaita, "Butere!"

Hakuna aliyesema pita. Tulisimama tu, vumbi linapita, mikono mitupu. Kisha Mzee Kibet, ambaye si wa kwetu na Butere hajawahi kuiona, akavua ile kofia yake ya gunia, akasema, "Shuka, Barasa." Na wote wakasema, "Shuka."

Ndiyo hivyo. Tumekushusha kwa treni, kama mtu wako mwenyewe. Lile lori lilinikera.

Sasa sikia ahadi yangu, na mimi Makokha nikiahidi mbele ya magunia sirudi nyuma. Kwenye wimbo wangu treni inaishia Njoro. Ninapoita, sitazami rundo, natazama nyuso. Mtu yeyote atakayeniomba Elburgon nitampa. Lakini atakayeweka mkono gotini akaniomba Molo, nitamshika sikio, awe mkubwa awe mdogo, nimpeleke kwa yule Mhindi wa Kisumu, akiwa mkavu, bila chumvi. Na akiniambia anatufundisha ramani tu, nitamwambia nilikuwa na rafiki aliyeijua ramani kuliko yeye.

Rasoa mkeo nitamfikia nikipata ruhusa ya kwenda. Nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo, si kwa karatasi.

Kaa hapo ulipo, ndugu yangu. Umefika. Usipande tena, magunia yaliyobaki ni yetu.

Ni mimi uliyenichosha,
Makokha, wa ghala la nafaka, Nakuru